Mtoto wa uani kwenye nyumba ya kitajiri

Mhariri, salaam. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na hua naanzia ule ukurasa wa Jumapili wa familia zenye majina. Ile picha ya wiki mbili zilizopita, baba katikati, mama pembeni, watoto wamepangwa kwa urefu na wote wamesoma nje, nimeitazama sana. Familia ile siijui na sina neno nao. Ila kila nikiona picha ya namna ile najikuta namtafuta asiyekuwepo, na tabia hiyo nimetoka nayo kwenye nyumba niliyofanya kazi.

Nilikua dada wa kazi miaka 6 kwenye nyumba ya ghorofa, geti linajifungua lenyewe, magari manne uani. Jina la mzee silitaji. Siku ya kwanza mama akanionyesha jiko, akanionyesha stoo, halafu akanipeleka vyumba vya nyuma akasema na huyu utakua unamwangalia. Kijana wa miaka 14, ana ulemavu wa akili, maneno yake machache lakini ukishamzoea unamwelewa vizuri tu. Chumba kina TV, kina feni, kitanda kizuri, na chakula kilekile wanachokula ndani ndo nilikua nampelekea kwenye sahani. Njaa hakulala hata siku moja. Ila mezani hakuitwa, miaka yote 6, na wageni wakiuliza mna watoto wangapi jibu lilikua watatu.

Siku ya sendofu ya dada yake niliambiwa nimfungie mlango kwa nje. Muziki unapigwa palepale mbele ya nyumba, yeye anausikia, anacheza peke yake mle ndani na kila wimbo ukiisha anagonga mlango ananiuliza "Dada?", na hakua ananiita mimi, alikua anamuulizia dada yake. Nikamjibu kesho atakuja. Hakuja.

Miaka imepita ndo nikaja kusoma habari za ukoo wa Kennedy wa Marekani. Babu yangu alikua na picha ya yule rais, John Kennedy, sebuleni, wazee wengi walimpenda, Mwalimu Nyerere alienda kumtembelea Washington mwaka 1963, na mfuko wa familia ile ndo ulitoa dola 100,000 mwaka 1960 kusaidia kuwapeleka vijana wa Kenya na nchi jirani wakasome Marekani. Nikadhani nawajua. Sikujua kama rais yule alikua na dada anaitwa Rosemary.

Rosemary alizaliwa 1918, wa tatu kati ya watoto 9, ndo binti wa kwanza. Akachelewa kutembea, akachelewa kusoma. Baba yao Joseph alikua tajiri mkubwa, mwaka 1938 akawa balozi Uingereza, na binti mwaka huohuo alivalishwa gauni akapelekwa kuinama mbele ya mfalme na malkia, yani alikua mtu kamili anayetembea, anacheka, anaandika barua kwa baba yake anamwambia anavyompenda. Huko Uingereza aliwekwa shule ya masista akawa anasaidia kufundisha watoto wadogo na alikua na furaha. Vita ikawarudisha Marekani 1940, na mambo yakaharibika. Akawa na hasira, akawa anatoroka usiku kwenye nyumba ya masista alikowekwa Washington. Baba akaogopa. Aliogopa aibu, binti asije akapata mimba ama akaandikwa kwenye magazeti akawaharibia kaka zake njia ya siasa.

Novemba 1941 akampeleka kufanyiwa upasuaji unaoitwa lobotomia, unatobolewa fuvu na kukatwa nyuzi za ubongo kwa mbele. Ana miaka 23. Mama mzazi hakuambiwa mpaka imeshafanyika. Rosemary alikua macho wakati wanamkata, daktari mmoja anamwambia sali, imba, hesabu, mwingine anaendelea na kisu, na walipoona maneno yamevurugika ndo wakaacha. Hakuweza tena kutembea wala kuongea sawasawa. Akafichwa, na kuanzia 1949 akawekwa kwenye kituo cha masista huko Wisconsin, akajengewa nyumba yake mwenyewe, na waliouliza wakawa wanaambiwa anafundisha na hapendi kujionyesha. Mama yake alikaa miaka kama 20 bila kumuona. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikatoka nje, maana nyumba nzuri, walezi wa kulipwa na uongo wa kuwajibu wageni, vyote vitatu navijua.

Mhariri, huku kwetu tumezoea kusema wanaoficha watoto wenye ulemavu ni watu wa kijijini wasio na elimu. Mi nasema maskini anaweza kuficha wiki, mwezi, baadae jirani atasikia, nyumba zimebanana, mtoto akilia mtaa mzima unajua, balozi wa nyumba kumi atakuja, afisa ustawi wa jamii atapigiwa. Mwenye pesa ana ukuta. Ana mlinzi asiyeruhusu mtu kuingia, ana hausigeli kama mimi ambaye alilipwa mshahara mzuri kwa wakati na akanyamaza miaka 6, na hilo nalibeba.

Dada yake Rosemary, Eunice, ndo aliivunja ile siri, mwaka 1962 aliandika wazi kwenye jarida kwamba ndugu yetu ana ulemavu wa akili, na mwaka 1968 akaanzisha Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, kule Chicago ambayo leo hata watoto wa Tanzania wanashiriki. Nampa heshima yake. Lakini Rosemary aliishi miaka 63 baada ya kile kisu, amefariki 2005 ana miaka 86.

Ninachoomba ni hivi, mkienda kupiga zile picha ulizeni watoto ni wangapi, na mseme kabisa kwamba gazeti linawataka wote. Msiende kuvizia na kamera kumdhalilisha mtu, ulizeni tu.

Na kama kuna kaka au dada wa ile nyumba anasoma hapa, mi niliondoka nikaenda kuolewa, mwaka wa pili mlinzi akaniambia mdogo wenu amepelekwa kituo mkoani, hakujua mkoa gani. Naomba mumfuate. Chai mpeni ikishapoa, kikombe anakishika kwa mikono miwili, na usiku msimzimie taa.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam