Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Picha za Kujichora

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Wajumbe wa kamati ya wazazi, walimu wetu, wageni waalikwa, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana. Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha salama, na aliyekufikisha hapa gari likiwa zima licha ya barabara uliyoiona. Tunakushukuru na wewe kwa kukubali mwaliko wetu na kuja mwenyewe. Wapo waliokubali wakatuma wawakilishi. Hilo la kuja mwenyewe tumeliona, na mwalimu wetu mlezi ametuelekeza tulitaje mapema.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Klabu yetu ilianzishwa mwaka 2018 ikiwa na wanachama 9 na boksi moja la penseli. Leo tuko 43, wasichana 24 na wavulana 19. Historia ni ndefu, lakini mshereheshaji amenipa dakika kumi, kwa hiyo naomba ichukuliwe kuwa imeshasomwa.

Katika kipindi hiki tumepata mafanikio makubwa. Tumechora ramani ya Afrika kwenye ukuta wa ofisi ya taaluma, na kila mgeni huisifu (Madagaska ilisahauliwa mwanzoni, ikaongezwa). Katika mashindano ya uchoraji ya kata tulishika nafasi ya pili kati ya shule zote zilizoshiriki, na zilizoshiriki zilikuwa zaidi ya moja. Kazi zetu pia zimevuka mipaka ya nchi: padre mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ujerumani alichukua picha mbili za mkorosho. Tunaamini zimetundikwa.

Maonyesho ya leo yana picha 31, na kila mchoraji amejichora mwenyewe. Usishangae kuona sura nyingi zinakutazama kwa ukali. Mtu anayejitazama kwenye kioo saa mbili mfululizo huwa hatabasamu.

Tulianza kujichora kwa sababu ya uchumi. Ukimkalisha mwenzako umchore, dakika ya kumi anaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji, na harudi. Vincent van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, naye alijichora zaidi ya mara 30 katika miaka michache, sababu mojawapo ikiwa ni kukosa hela ya kuwalipa watu wa kumkalia. Samuel Fosso alifungua studio ya kupiga picha mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13. Filamu ikibaki kidogo baada ya wateja kuondoka, alijipiga mwenyewe ili isiharibike, na picha akamtumia bibi yake aliyekuwa Nigeria. Na jirani zetu wa Tunduru wanajua kwamba Edward Tingatinga alitoka kwao, akaanza kazi Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli na vipande vya hadibodi. Kwa hiyo sisi si watu wa kuwalilia wakubwa kwa kila kitu. Tunalia kwa kimoja, na nitakifikia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Naomba kusema kidogo juu ya picha namba 17, kwa kuwa ni yangu.

Vioo vya klabu ni sita kwa watu 43. Mimi nilipangiwa sait mira ya bodaboda, tuliyopewa na fundi wa pikipiki wa pale stendi. Kioo chake kimebinuka kidogo kwa nje ili dereva aone barabara kwa upana. Mimi sikulijua hilo. Nilichora nilichokiona: pua imekuja mbele kama inataka kusalimia, masikio yamekimbilia nyuma. Nilichora kwa siku tatu, kila siku baada ya vipindi au kabla yake, nyuma ya jiko, chini ya mkorosho, kwa sababu hapo ndipo darasa letu lilipo.

Ikafika siku ya uhakiki. Utaratibu wetu unatokana na hatua nne za Edmund Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani: kueleza kinachoonekana, kuchambua kilivyopangwa, kutafsiri maana yake, na mwisho kabisa kuhukumu. Kwa anayesoma fasihi si jambo geni. Ni fani na maudhui, ila huku hakuna mwongozo wa kukariri. Kwetu maneno "nzuri" na "mbaya" ni marufuku kwa dakika kumi za mwanzo. Ukilitamka mojawapo, unafuta ubao.

Mtoto wa kidato cha pili akasimama mbele ya picha yangu akasema, "Naona mtu mwenye pua kubwa anayetazama kitu kilicho karibu sana." Nilitaka kumwambia pua hiyo ni ya ukoo. Akasimama wa pili: "Naona kivuli kiko kushoto kwenye paji la uso, lakini kwenye kidevu kiko kulia. Huyu mtu ana jua mawili?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, maana alikuwa amesema kweli. Paji nililichora asubuhi ya Jumamosi, kidevu nikakichora jioni ya Jumatatu. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili, na mimi mkono ulifuata jua bila kuniuliza.

Mwalimu alichomoa simu akatuonyesha picha ya Parmigianino, kijana wa Kiitaliano aliyejichora kwenye kioo kilichobinuka karibu na mwaka 1524. Mkono wake umejaa mbele ya picha, mkubwa kuliko kichwa, na chumba kimejikunja nyuma yake. Alichora hivyo kwa makusudi, tena juu ya ubao uliochongwa ukabinuka kama kioo chenyewe. Kumbe pua yangu ina ndugu Ulaya. Kosa la kioo likapata heshima siku hiyo hiyo. Kosa la jua halikupata, na mpaka leo nikiiangalia ile picha, kidevu kinanisuta.

Nimejifunza mengine madogo. Nilikuwa nimeishi miaka 17 nikidhani macho yako juu, karibu na nywele. Pima kwa penseli, mheshimiwa: yako katikati ya kichwa, nusu kwa nusu. Nimejifunza pia kwamba kioo kinageuza. Van Gogh alijikata sikio la kushoto, lakini kwenye picha alizojichora mwaka 1889 bandeji iko upande wa kulia, kwa sababu alichora alivyojiona. Na nilipoipeleka picha nyumbani, mama aliitazama kimya, kisha akasema, "Huyu ni marehemu mjomba wako." Mjomba huyo simjui, alifariki kabla sijazaliwa. Sijui hiyo tuiweke kwenye hatua ya ngapi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sasa nafika tulipokuwa tunakwenda.

Picha ya uso inahitaji vipindi vitatu au vinne, na inahitaji mwanga usiohama. Chini ya mkorosho mwanga unahama kila robo saa, tena unapita katikati ya majani, kwa hiyo mtu anajichora ana madoa kama chui. Bwaloni hatuwezi kwenda kwa sababu ni bwalo. Picha zikikamilika zinalala stoo ya majembe. Mwaka jana mchwa walikula 14. Walianza na za kidato cha kwanza, wakapanda.

Chumba cha sanaa kipo. Mkono wako wa kulia, nyuma ya tenki la maji, utakiona. Na kwa kuwa tumefundishwa uhakiki, naomba tukihakiki pamoja kwa utaratibu ule ule.

Kueleza kinachoonekana: kuta nne za matofali ya kuchoma, mita 9 kwa 7, zimefika kwenye lenta. Matofali yalifyatuliwa na wazazi, saruji ilinunuliwa kwa hela za korosho, na mzazi hapa anajua uzito wa hela hiyo, maana kila kilo aliiokota kwa mkono. Mlango hakuna. Paa hakuna. Ndani umeota mpapai, na umeshazaa mara mbili.

Kuchambua: madirisha matatu makubwa yamewekwa upande wa kusini, na hiyo si bahati mbaya. Huku kwetu, kwa miezi mingi ya mwaka jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Dirisha la kusini linaleta mwanga bila kuleta jua lenyewe, na kivuli kinabaki pale ulipokiacha jana. Mwalimu wetu alilipigania hilo na fundi aliyetaka kuyaelekeza barabarani ili jengo lipendeze. Kwa hiyo jengo limepangwa vizuri. Limepungukiwa na kitu kimoja tu.

Kutafsiri: hapa ndipo tunapoomba radhi mapema, kwa kuwa tafsiri hutegemea historia ya kazi yenyewe.

Mwaka 2022 mgeni rasmi alisimama hapo uliposimama wewe akaahidi mabati yote kabla ya Krismasi. Tulimpigia makofi ya kilo. Hakutaja Krismasi ya mwaka gani, na sisi kwa adabu hatukuuliza. Mwaka 2023 mgeni rasmi mwingine aliahidi nusu ya mabati, na kweli wiki iliyofuata alituma fundi wa kupima. Fundi alipima, akanywa maji, akaondoka na futi yetu. Mwaka 2024 mgeni rasmi hakuahidi kiasi chochote. Alisema, "Hili nimelichukua." Mpaka leo analo.

Wote watatu tunawashukuru, kwa sababu walituacha na moyo. Tunachosema ni kwamba moyo hauezeki.

Hatua ya nne, ya kuhukumu, mheshimiwa, tumekuachia wewe.

Ili kukurahisishia, tumepunguza ombi mpaka likabaki jembamba. Mbao za kenchi wazazi wameshanunua, ziko kwa mzazi mmoja na zimeanza kupinda. Misumari ipo. Fundi ameshakubaliana na kamati, na ni mkazi wa hapa hapa, kwa hiyo hata akiondoka na futi tunajua anapoishi. Kilichobaki ni mabati 56 ya mita tatu, geji 28, pamoja na kofia zake. Hatuombi fedha. Fedha huwa zina safari ndefu na hupumzika njiani. Tunaomba mabati yenyewe, yapakiwe kwenye gari, yashushwe hapa, na mwalimu wa stoo ayahesabu mbele yetu.

Tunaomba yafike kabla mvua hazijaanza Desemba. Desemba ya mwaka huu, 2025.

Katika rasimu ya kwanza ya risala hii kulikuwa na ombi la kompyuta, la projekta, na la safari ya kwenda Bagamoyo kutembelea taasisi ya sanaa. Kamati ilikaa ikayaondoa yote matatu. Tuliogopa usije ukachagua lililo jepesi. Vioo tutavitafuta wenyewe. Mafundi wa bodaboda ni watu wema, na ajali, kwa bahati mbaya, hazijakoma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ni desturi ya klabu kumzawadia mgeni rasmi picha yake. Wageni watatu waliotangulia kila mmoja aliondoka na yake, imekamilika, ina fremu na kioo. Tumeambiwa mojawapo iko sebuleni.

Yako tumeichora kutoka kwenye picha iliyo kwenye kalenda ya ofisi yako. Tumemaliza paji la uso, nyusi na macho, tumefika kwenye pua tukasimama. Kwenye kalenda ulimulikwa na taa ya mbele, uso umekuwa bapa, hauna kivuli hata kidogo, na kwa uhakiki wetu hatuwezi kusema huyo ni wewe. Tungependa tuimalizie ukiwa umekaa mwenyewe karibu na dirisha la kusini, kwa saa mbili tu, na maji ya kunywa tutakuletea hapo hapo.

Kiti tunacho. Kwa sasa kiko chini ya mpapai.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
kwa niaba ya wanachama 43 wa Klabu ya Sanaa