Kiziwi tumemwajiri, lugha yake tumeiacha getini

Mhariri, salamu. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo nimekaa nalo kama miaka mitatu sasa, na nimeona nisingoje Septemba 23 ambayo ndo Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, maana wiki ile kila mtu anaongea kuhusu viziwi, tunapiga picha, tunavaa fulana, alafu Jumatatu inayofuata kimya.

Mi ni msimamizi kwenye kiwanda cha kushona nguo hapa Dar, tunashona sare za shule, ovaroli na makoti ya mafundi. Nimeanza na cherehani ya miguu kwa mjomba wangu nikiwa na miaka 19, nikapita ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa, nikapita meza ya kukatia, mpaka nikapewa laini ya watu 22 niisimamie. Kwa hiyo kushona nakujua na sina wasiwasi. Kuongoza watu ndo nilidhani nakujua, na aliyenionyesha kwamba bado ni kijana mmoja kiziwi aliyeletwa kwenye laini yangu akitokea chuo cha ufundi.

Siku anakuja, mtu wa ofisini alimleta mpaka mezani kwangu akaniambia "huyu hasikii ila mikono yake mizuri, muangalie", akageuka akaondoka. Mafunzo yote yalikuwa hayo. Nikamkalisha kwenye cherehani ya mwisho karibu na dirisha, nikamuonyesha sketi ya mfano, nikamuonyesha kwa kidole marinda yanavyokunjwa na mkanda wa kiuno unavyokaa, akatikisa kichwa akaanza. Jamani yule kijana anakunja marinda! Yamelala yote upande mmoja, upana mmoja, ukiyapitisha kidole hakuna linaloruka. Nikaridhika kabisa. Nikawa nawaambia watu kwamba kwenye laini yangu kuna mtu mwenye ulemavu na anafanya kazi vizuri, na kwa miezi mitano yote hiyo mimi sikuwahi kuongea naye zaidi ya kumnyooshea kidole.

Ikaja Desemba, na anayejua kazi ya sare anajua Desemba ni nini, shule zinafunguliwa Januari na kila mteja anataka mzigo wake jana. Asubuhi kabla ya kuwasha mashine huwa tunasimama kama dakika kumi natoa maelekezo. Siku hiyo mteja mmoja alikuwa amebadilisha oda, marinda ya inchi moja yawe ya inchi moja na nusu, nikalisema hilo huku macho yangu yako kwenye karatasi ya oda, watu wakaitikia sawa, tukatawanyika. Kijana alikuwa amesimama nyuma na wenzie kama kawaida. Jioni nikapita kukagua nikakuta sketi 46 zimepangwa vizuri pembeni yake, zote za inchi moja.

Nilimfokea. Nilimfokea mtu asiyesikia mbele ya laini nzima, na wenzie wakawa wanacheka, wengine wanasema "bubu huyo utamwambia nini". Aliniangalia mpaka nikamaliza, akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu yake akaandika akanionyesha: "Kuambia mimi nani?"

Naomba msomaji asicheke hayo maandishi. Mi mwenyewe sikujua, nimejifunza baadaye kwamba Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, mpangilio wake wa maneno sio wa Kiswahili, na kwa viziwi wengi Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili kama Kiingereza kilivyo kwa wengi wetu. Kwa hiyo wale wanaosema "kwani tatizo nini si mwandikie tu", kuandika kunasaidia sana na sisi tunaandika, ila usidhani ukishamwandikia umemaliza. Swali lake lakini lilikuwa limenyooka. Nani alimwambia? Hakuna. Mteja aliniambia mimi, mimi nikaiambia karatasi, na yeye akaona kipara changu na midomo ya watu ikiitikia.

Tulikaa wawili tukafumua zile sketi kwa wembe mpaka saa mbili usiku. Kufumua ni kazi ya kimya, unakata uzi mmoja unavuta, unakata unavuta, na katikati ya ile kazi akagonga meza nikanyanyua macho, akainua wembe, akafanya alama. Alafu uzi. Alafu sindano. Mkasi. Nikawa narudia na yeye ananirekebisha vidole, mara nyingine ananishika mkono kabisa ananigeuzia kiganja. Niliondoka pale nikiwa na maneno kama manane na aibu kubwa, na kesho yake nilirudi kuomba msamaha mbele ya laini ile ile niliyomfokea mbele yake, kwa alama moja ambayo nilikuwa nimemuomba anifundishe getini usiku.

Sasa ndo nataka nifike kwenye hoja yangu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inasema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na kuendelea, angalau asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri na naiunga mkono. Sisi tuko kama 90, asilimia 3 yake ni watu watatu, na watatu tunao, kwa hiyo kwenye karatasi tuko safi. Ila kwa miezi mitano yule kijana alikuwa anahesabiwa kwenye asilimia na kwenye kazi hayupo, hajui mteja kasema nini, hajui bei ya chakula imepanda kwa nini, hajui nani kafiwa, anaona watu wanachangishana hela na yeye anapitishiwa kofia bila kuelezwa. Ndo maana nasema tumemwajiri yeye na lugha yake tumeiacha getini kwa mlinzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unasema wazi kwamba lugha maana yake ni lugha za kusema pamoja na lugha za alama. Na majirani zetu Kenya kwenye katiba yao ya 2010 wameandika kwamba lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Afrika Kusini nao mwaka 2023 wameifanya lugha ya alama kuwa lugha rasmi ya 12. Mi sisubiri mpaka huko, mi nazungumzia sakafu ya kiwanda.

Baada ya siku ile tukaanza kujifunza saa ya chai, mwanzo watatu, alafu sita. Alileta karatasi yenye herufi za vidole tukaibandika ukutani juu ya pipa la maji. Na kilichonishangaza ni nani walifaidika kwanza. Kiwanda chetu kina kelele, mashine zaidi ya sitini na ovaloki zinalia kama nyuki waliochokozwa, na miaka yote tulikuwa tunaongea kwa kupiga mayowe, mtu anatoka jioni koo limekauka. Leo dada aliye meza ya kukatia anamwambia aliye kwenye pasi kule mwisho "leta mbili za namba 32" kwa mkono mmoja na hakuna aliyepaza sauti. Yupo mama mmoja ameshona zaidi ya miaka 25, masikio yake yamechoka na hizi mashine na alikuwa anaficha kwa kuogopa kuondolewa, kumbe miaka yote alikuwa anaitikia "sawa" alafu anachungulia kwa jirani anafanya nini. Huyo ndo alijifunza haraka kuliko wote. Alilia siku aliponiambia. Na mimi nikajiuliza hizo "sawa" 22 nilizokuwa naitikiwa kila asubuhi ngapi zilikuwa za kweli, maana kumbe kijana kiziwi alikuwa ndo wa pekee ambaye kukosa kwake kulionekana, wengine walikuwa wanakosa kimya kimya na nguo zinarudi zimekosewa tunasema uzembe.

Siku hizi siongei nikiangalia karatasi. Naandika mabadiliko ya oda kwenye ubao, namba kubwa, na sketi ya mfano inaning'inia pembeni yake, nawageukia watu, naongea kwa kifupi, alafu namchagua mmoja anirudishie nilichosema, kwa mdomo au kwa alama. Nguo za kufumua zimepungua sana na hili naweza kulitetea mbele ya mtu yeyote. Nimesimamia watu miaka kumi na moja na hakuna semina ya uongozi iliyonifundisha kumuangalia mtu usoni mpaka nione ameelewa.

Na sio kazini tu. Mzee wangu yuko Muheza, ana miaka 78, masikio yamepungua. Nilikuwa nikienda nyumbani naongea naye nikiwa nimempa mgongo, akisema "unasemaje?" mara ya tatu nakasirika, namwambia basi mzee acha tu. Ile "acha tu" nimemwambia mara ngapi sijui, na kila nikiikumbuka inaniuma. Sasa hivi navuta kigoda nakaa mbele yake upande wenye mwanga, naongea taratibu, na tunaongea mpaka usiku, ameniambia habari za ujana wake kwenye mashamba ya mkonge ambazo sijawahi kuzisikia, na ni kwa sababu ya kijana ambaye mzee hajawahi kumuona.

Kuna neno nataka niliseme kuhusu maneno. Bubu tuliache. Yule kijana ana sauti, anacheka kwa sauti na akikasirika utamsikia, na ana lugha anayoisema vizuri kuliko baadhi yetu tunavyosema Kiswahili. Wenyewe wanajiita viziwi, chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kipo tangu miaka ya 1980, kwa hiyo tuwaite wanavyojiita. Alafu wana utajiri wao, aliniambia shule ya kwanza ya viziwi nchini ni ya Tabora, ya mwaka 1963, na kwamba mtu aliyesoma Tabora na aliyesoma Buguruni kuna alama wanatofautiana, wanataniana kabisa kama sisi tunavyotaniana kwa makabila yetu. Nilifurahi kulijua hilo. Nilikuwa nafikiri viziwi wote ni kitu kimoja.

Linalonikera mpaka leo ni hili. Mwaka jana ilitangazwa nafasi ya kiongozi wa kikundi cha marinda, watu sita, nikapeleka jina lake, maana hao sita wanne ni yeye amewafundisha kwa mikono yake. Ofisi ikasema hapana, atawasilianaje na watu. Nikawauliza watu gani, hao hao anaowasiliana nao kila siku? Jibu sikupata, nafasi akapewa mwingine, na huyo mwingine akikwama kwenye marinda anaenda kumuuliza yeye. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya ulemavu, na ubaguzi sio mpaka mtu atukanwe. Nimeandika barua ya pili, na hii ninayokuandikia Mhariri nadhani wataisoma pia, waisome.

Wapo watakaosema gharama. Mkalimani kweli ni gharama na kuna mahali lazima awepo, siku ya kusaini mkataba, kikao cha nidhamu, hospitali, mahakamani, hapo usimlete mfanyakazi mwenzie aliyejifunza maneno mia akabeba maisha ya mtu. Ila kazi ya kila siku haihitaji mkalimani, inahitaji watu wa laini wajue maneno ya kazi yao. Sisi maneno kama 120 yametutosha kuendesha siku nzima, na yametugharimu saa ya chai.

Ninachoomba waajiri, hasa wenye viwanda na karakana kama sisi, unapomwajiri kiziwi mmoja tenga nusu saa kwa wiki wenzie wajifunze lugha yake, na iwe ndani ya saa za kazi, na anayefundisha awe yeye mwenyewe na alipwe kwa kufundisha.

Viziwi huwa wanampa mtu jina la alama, hujichagulii, unapewa ukishazoeleka. Langu nilipewa baada ya mwaka na nusu, vidole viwili vinashuka kutoka shingoni mpaka kifuani, mahali futi kamba yangu inaponing'inia siku zote. Ofisi kwenye nafasi ya uongozi bado haijanijibu, ila kwenye nusu saa wamekubali, itahesabiwa kazi na yeye ataongezewa posho ya kufundisha. Jumamosi hii saa mbili asubuhi laini zote nne zinaanza, na amesema tutaanza na vipimo, inchi, nusu na robo.

Msimamizi wa laini,
Dar es Salaam