Mjomba, hiyo si baridi ya mlima

Mjomba, shikamoo.

Simu zangu hupokei kwa sababu sauti haitoki, basi naandika hapa, wapiga debe wenzako wakusomee. Utanisamehe.

Tangu Desemba, Wachaga walipokuwa wanamiminika nyumbani nawe unashinda stendi ya Moshi ukiita "Boma, KIA, Usa, Arusha!", sauti imekauka. Sasa ni Machi. Bibi anasema baridi, jirani anasema umetupiwa kitu. Mimi nilileta asali na tangawizi, nikajiona nimesaidia. Kumbe kinachomezwa hupita nyuma, kwenye njia ya chakula. Hakifiki kabisa sauti inakotengenezwa.

Inatengenezwa kwenye zoloto, hicho kinachopanda na kushuka shingoni ukimeza. Ndani mna mikunjo miwili laini, ndiyo nyuzi za sauti. Pumzi ikipita, mikunjo hiyo inagongana, kwa mwanamume anayeongea kawaida mara 100 na ushei kila sekunde. Ukipaza, inagongana kwa nguvu zaidi. Unavijua viganja vya wabeba mizigo wa hapo stendi? Basi hata huko huota sugu. Walimu na wanakwaya wanalijua hilo. Likiwa ni hilo tu, mara nyingi kupumzisha sauti na mazoezi ya mtaalamu hutosha bila kisu. Na acha kunong'ona kwa kujikamua, maana nako kunaichosha.

Ila huenda si hilo. Asidi ya tumbo ikipanda usiku huunguza koo (wewe na mbege yako, unakula na kulala hapo hapo). Neva ya sauti ya upande wa kushoto hushuka hadi kifuani ndipo irudi shingoni, kwa hiyo uvimbe wa kifuani unaweza kuharibu sauti ya mtu asiyeumwa koo. Halafu kuna sigara, Mjomba. Saratani ya zoloto mara nyingi huanza kwa mkwaruzo kama huu huu, bila maumivu, na ikiwahiwa hutibika vizuri. Ndiyo maana mkwaruzo ukipita wiki 3 au 4 koo linatakiwa kuchunguliwa, na kwa mvutaji hakuna kusubiri. Wewe una miezi mitatu.

Hospitali ya KCMC, hapo hapo Moshi, wana idara ya masikio, pua na koo. Mpira mwembamba wenye kamera unapitishwa puani, dakika chache, umemaliza.

Alhamisi nimeomba ruhusa kazini. Napanda gari la kwanza kutoka Arusha. Nisubiri hapo hapo stendi, na siku hiyo usiite abiria hata mmoja.