Mama mdogo anataka kuichana picha, na mama yangu yumo humo humo

Assalaam aleikum mshauri wetu, na nyote wasomaji. Jina langu naomba mlihifadhi, maana ukoo wetu ni mkubwa na wanaosoma hapa najua wamo.

Nina picha moja ambayo mama yangu mdogo anaitaka aje aichane kwa mkono wake. Haki anayo, kwa sababu yeye yumo. Lakini na mama yangu mzazi yumo, na katika picha zote za ukoo hakuna nyingine iliyobaki inayoonyesha uso wake sawasawa. Mama alifariki 1984, mimi nikiwa na miaka minane.

Picha yenyewe tuliipata baada ya bibi kufariki, tulipokuwa tunatoa vitu vyake chumbani, nyumba ya Magomeni. Zamani palikuwa na sanduku zima la picha, nalikumbuka, la bati, lenye maua mekundu. Zile mvua za El Nino za mwisho wa 1997 zikapitia paa bovu, sanduku likajaa maji, na picha zikagandana kama mkate ulioloa. Wakubwa walijaribu kuzibandua, kila uso ukawa unatoka na kubaki mgongoni mwa picha ya juu yake. Zikatupwa. Kwa hiyo sote tulijua picha zimekwisha, hakuna aliyejua kwamba bibi ana kopo la biskuti uvunguni.

Ndani ya kopo mlikuwa na kadi ya TANU ya babu, risiti za kodi za miaka hiyo, hirizi ambayo hakuna aliyetaka kuigusa, na picha chache zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Babu na baiskeli yake. Mtoto mchanga ambaye hadi leo tunabishana ni nani. Harusi ya mama, lakini bibi harusi kainamisha kichwa na ushungi umemfunika, unachokiona ni pua tu. Na hii moja.

Niieleze vizuri, kwa sababu ugomvi wote umo ndani yake. Ni nyeusi na nyeupe, ya studio, ukubwa wa kiganja. Nyuma yao kuna pazia lililochorwa minazi na ndege ya abiria inayopaa, yale mapazia ya studio za zamani. Mama amekaa kwenye stuli, kavaa gauni la mikono mifupi na raizoni miguuni, visigino virefu kiasi kwamba magoti yamepanda juu. Anamtazama mpiga picha moja kwa moja, anakaribia kucheka. Mama mdogo amesimama pembeni yake, nywele za afro, kimini kilichoishia mbali na magoti, mkono wa kushoto kauweka begani kwa dada yake. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio uliofifia, na chini yake mama kaandika kwa kalamu ya wino: "Tukumbukane. 1974." Mama alikuwa karani wa kupiga chapa. Karatasi zake zilizobaki zote zimepigwa mashine. Mwandiko wake wa mkono nimeuona hapo tu.

Kuna kitu kingine, sikukiona siku ya kwanza. Pembeni kabisa, karibu na ukingo mweupe, kuna kanga imekunjwa na kuwekwa sakafuni, pindo lake linaonekana. Ninyi vijana huenda hamjui, kwa hiyo nieleze kidogo. Kuanzia Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana hapa Dar es Salaam: vimini marufuku, wigi marufuku, krimu za kujichubua marufuku, suruali za kubana nazo marufuku. Wasichana walizomewa barabarani na wengine wakavuliwa nguo. Miaka mitano baadaye watu walikuwa hawajasahau. Ninavyoamini mimi, mabinti hawa wawili walitoka kwa bibi wamejifunga kanga kama wanakwenda sokoni, wakafika studio, wakafunga mlango, wakavua. Na kwa kuwa bibi ndiye aliyeitunza picha miaka yote hiyo, nashuku alijua.

Nilipoishika mara ya kwanza nilikaa chini. Mimi sura ya mama nilikuwa sina. Nina mgongo wake. Miaka ile ya mwanzo ya themanini bidhaa zilikuwa hakuna, sabuni hakuna, sukari hakuna, tunakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Mama alikuwa akiniamsha alfajiri twende tukapange foleni duka la ushirika, na mimi namshika pindo la kanga nyuma yake. Wenye akili walikuwa wanaweka mawe au vikapu kwenye foleni kuwakilisha miili yao, mama alikataa, alisema jiwe halijui kujitetea. Basi tunasimama. Ninachokiona saa zile ni mgongo wake, kisogo, mikia miwili ya nywele chini ya mtandio. Namkumbuka pia 1983, kwenye ile kampeni ya wahujumu uchumi, ya kuwasaka walioficha bidhaa, jirani mmoja aliogopa akatupa vitenge vipya usiku kwenye shimo la taka, na mama akatukataza hata kuvitazama. Sauti yake naijua. Harufu ya mafuta yake ya nazi naijua. Uso ndio nilikuwa sina, na hapo nikaona kwamba binti yangu wa pili kamfanana hadi meno.

Sasa shida. Siku tuliyokuwa tunaitazama, mpwa wangu akaipiga kwa simu na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Hakukusudia ubaya, alifurahi. Jioni hiyo hiyo watoto wakaanza: "Bibi mlikuwa moto!" "Hajjat mbona hukutuambia?" Vikatuno vya kucheka, moto, macho yenye mioyo. Mmoja akamkata mama mdogo peke yake akamtengeneza stika.

Mama mdogo anaishi Tanga tangu aolewe. Amehiji. Anasomesha wanawake darsa nyumbani kwake, watu wazima wanambusu mkono. Alitoka kwenye kundi bila kusema neno, halafu akanipigia mimi. Hakupiga kelele, na ndiyo ilinitia hofu zaidi. Akasema: "Mwanangu, mimi sitaki kuingia kaburini huku miguu yangu inazunguka kwenye simu za watu. Futeni. Na hiyo yenyewe niwekee, nikija kwenye kisomo cha mama nitaichana mwenyewe."

Nikamwambia, mama, na dada yako yumo. Akanyamaza. Kisha akasema, na hapa ndipo usingizi ulipoondoka: "Kwani lile gauni lilikuwa langu? La mama yako lile. Yeye ndiye aliyenivalisha, mimi nalia, yeye anacheka. Mpaka mpiga picha akasema basi mpeni soda." Halafu akakata simu.

Ndugu zangu, mama mdogo ndiye aliyenilea. Mama alipofariki alitubeba mimi na kaka yangu, akatusomesha kwa kuuza vitumbua. Kwa miaka yote hiyo kumzungumzia mama alikuwa hataki. Ukimuuliza anasema tumwombee. Hizo sentensi nne za kwenye simu ni nyingi kuliko zote alizowahi kuniambia kuhusu ujana wa mama yangu. Kwamba alikuwa mtundu. Kwamba alimvalisha mdogo wake nguo yake kwa nguvu na kumcheka. Mimi mama yangu nilikuwa namjua kama mtu wa foleni na mtu wa kuumwa.

Nimeshapata ushauri wa kila namna, na wote una kasoro.

Kaka yangu anasema tukate kwa mkasi, upande wa mama mdogo apewe achane, wa mama ubaki. Nimeweka rula nikapima. Huwezi. Mkono wa mama mdogo uko begani kwa mama, utabaki mkono wa mtu asiyekuwepo, vidole vinne na pete. Na "Tukumbukane" huko nyuma imeandikwa katikati, itakatika kwenye herufi ya "b".

Kaka huyo huyo akaja na wazo la pili: tutoe nakala nzuri kwenye karatasi ya zamani, tumpe hiyo, achane akidhani ni yenyewe, kwani ana mtoto wa jicho. Hilo nilimkatalia pale pale. Kumdanganya mama aliyenilea juu ya mwili wake mwenyewe, tena kwa kumtegea macho? Hapana.

Nikaenda kwa fundi mmoja wa studio hapa mjini, kijana mpole. Alinisaidia sana kwenye jambo moja: aliichukua picha kwa skana bila kuigandamiza, akanifundisha niitoe kwenye ile albamu ya plastiki yenye gundi niliyokuwa nimeinunua, kwa kuwa gundi ile hula karatasi, niiweke kwenye bahasha ya karatasi mahali pakavu. Akaniambia na nyeusi na nyeupe kama hii ikitunzwa hudumu kuliko za rangi za miaka ile, na kweli, za rangi tulizopata kwa shangazi zimekuwa nyekundu zote. Kisha akasema kwa akili mnemba anaweza kumvalisha mama mdogo baibui, dakika mbili. Nikakubali ajaribu. Alitoa picha safi kabisa, mama mdogo kasitirika mpaka kifundoni. Lakini mashine ilipopita kwa mama nayo ilimgusa. Ngozi laini, meno yamepangwa, lile jicho la kukaribia kucheka limekuwa jicho la tangazo la sabuni. Nikamwambia asante, nikamlipa, nikaiacha pale pale kwake.

Maalim wa msikitini kwetu nilimwuliza pia, maana mama mdogo ananiambia malaika hawaingii nyumba yenye picha. Akasema hadithi hiyo ipo, na kuhusu picha za kamera wanazuoni wamekhitilafiana, wapo waliozikataza na wapo waliosema ni kivuli tu kilichozuiliwa. Hapo nikashusha pumzi. Akaendelea: "Lakini mtu aliye hai akikuomba umsitiri, hilo halina khitilafu." Nikarudi nyumbani mzigo umeongezeka.

Msidhani namwona mama mdogo ni mkorofi. Namwelewa. Watoto walikosea, na nimewafokea mpaka stika imefutwa, ingawa nani anajua imefika wapi. Mwanamke amejenga heshima yake kwa miaka arobaini na zaidi, kisha mtu anamtoa binti wa miaka ishirini kutoka kwenye kopo na kumwekea katikati ya wajukuu. Mimi mwenyewe zipo picha zangu za sekondari nisingependa mkwe wangu azione. Kinachonisumbua ni kwamba anaizungumzia picha kama vile yuko peke yake ndani. Marehemu hana wa kumsemea zaidi yetu, na marehemu huyu aliandika kwa mkono wake alichokuwa anakitaka.

Kisomo cha bibi tumekipanga kabla ya Ramadhani, na mama mdogo atafikia kwangu. Nimewaza nimpe bahasha mkononi tukiwa wawili tu, mlango umefungwa, nimwambie: mama, hii hapa, ni yako, ila kabla hujaichana nionyeshe. Soda ilikuwa ya nini? Kanga ile ya chini ni ya nani? Mlirudije nyumbani? Labda akianza kusimulia mkono utakuwa mzito. Au labda ataichana bila kuitazama, na mimi nitakuwa nimeahidi, siwezi kumpokonya. Nakala ya skana ninayo kwenye simu, hiyo naye anataka ifutwe, na bado sijamjibu.

Njia nyingine niliyoifikiria ni kumwomba anipe muda: picha nifungie kwenye bahasha nitie lakiri, asiione mtu yeyote, hata wanangu, mpaka yeye mwenyewe aseme au Mungu amchukue. Lakini nikiwaza hivyo naona kama namngojea afe, na najisikia vibaya.

Kwa hiyo naomba mnisaidie kwa mambo haya. Wewe mshauri, je, mtu aliyemo kwenye picha ana haki ya kuifuta hata kama inamfuta na mwingine? Wasomaji wenye mama au bibi walioshika dini ukubwani, mliwahi kuwaomba wawasimulie ujana wao bila kuwavunjia heshima, na mlianzaje? Na yule mwenye ujuzi wa picha, ipo njia ya kumficha mtu mmoja kwa kivuli tu, kwa mkono, pasipo mashine kumgusa wa pili? Kuhusu pesa tutaelewana, mradi isipite kwenye simu za watu.

Nijibuni mapema tafadhali, ameshaniuliza nauli ya basi la Tanga siku hizi ni kiasi gani.

Msomaji wenu,
Magomeni, Dar es Salaam