Mhariri, kabla hatujanunua mpira wenye surua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua. Mi ni mchezaji wa pool wa siku nyingi hapa Mwanjelwa, Mbeya, sio bingwa wala nini, ila jioni ukipita kijiweni kwetu hunikosi. Kuna msomaji mwenzangu aliandika humu kwamba vijana wa mikoani tunapigwa kwenye mashindano sababu hatuna vifaa vya mazoezi kama wenzetu wa Dar, nikacheka peke yangu, maana hivyo vifaa mi nimenunua na yaliyonikuta ndo haya.

Nilianza na ule mpira mweupe, ule unaopigwa na fimbo ukagonge mingine, ila wenye madoa mekundu sita, ule wanaochezea mabingwa kwenye tivii, wa chapa ya Aramith kutoka Ubelgiji. Mpwa wangu alivyouona tu akasema "Anko, huu mpira si una surua?" na jina likaganda hapo kijiweni hadi leo. Kazi yake nzuri sikatai. Mweupe mtupu ukizunguka huoni kitu, lakini huu ukiugusa pembeni hata kidogo unaona madoa yanavyozunguka kama pia, hapo hapo unajua umekosea.

Shida ni meza zetu bana. Meza ya koini inautambua mweupe kwa ukubwa au uzito au sumaku, ndo maana ukitumbukia unarudi wenyewe alafu mingine inabaki ndani. Sasa wangu wa surua ni kipimo cha kawaida, milimita 57 na kidogo, sawasawa na ile yenye namba, na mweupe wa meza yetu ni mnene kuliko wenzake, kwa hiyo ulivyotumbukia meza ikaumeza kama inavyomeza mingine na kuutoa lazima utie koini upya. Jioni moja nilitia koini nne sijacheza hata gemu moja la maana, vijana wanashangilia kama wako uwanja wa Sokoine. Anayetaka kujua meza yake ikoje achukue mweupe auweke katikati ya mipira miwili ya namba alafu alaze fimbo juu yake, ikicheza kama bembea basi mweupe wenu nao mnene.

Hata hivyo surua ile ilinifumbua macho. Miaka yote nilidhani nakosa mashimo sababu naona vibaya, hadi nikawaza kwenda kupima miwani, kumbe nalenga vizuri ila mkono unagusa mweupe upande wa kulia, na ukigusa kulia mpira unachepuka kidogo kushoto, hivo hata ulenge vipi hauendi ulikolenga. Hapo ndo nikahamia kwenye chupa ya soda. Chupa ya kioo, tupu, ilaze kwenye meza yoyote hata ya chakula, izungushie tambara isibingirike, weka mkono wa mbele kama unapiga kweli alafu ingiza ncha ya fimbo mdomoni mwa chupa na kuitoa, ingiza toa, bila kugusa kioo. Nafasi ni ya milimita chache tu pande zote. Siku ya kwanza ilikuwa kling kling kling kama muuza kahawa wa Kariakoo na kila kling inatoka upande mmoja. Mpwa akasimama nyuma yangu akasema "Anko, kiwiko chako kinatoka nje kama bawa la kuku". Nikakirudisha, kelele zikapungua. Wiki tatu hivi kila usiku kabla ya kula, koini sifuri.

Mezani natumia mpira wenye mkanda, wowote kuanzia namba 9 hadi 15, nausimamisha mkanda wima kama tairi alafu naupiga katikati uende ukuta wa mbali na kurudi. Ukipiga sawa mkanda unabingirika umenyooka, ukikosea unayumba kama gurudumu la bajaji lililolegea nati. Hapo hamna shimo hamna kumezwa, koini moja unasukuma hata nusu saa kama mwenye meza hajanuna. Kile kitochi cha leza cha kufunga kwenye fimbo nakiacha, kwenye mechi hakuna mstari mwekundu wa kukuongoza. Na msimu wa mvua kitambaa cha meza kikinyonya unyevu mipira inakuwa mizito kwenda, sasa hiyo hata surua haisaidii.

Narudi kwa huyo msomaji. Mwaka juzi nilienda bonanza Iringa, kufika kule mweupe wao ni wa kawaida. Nikapata mpira rahisi karibu na shimo nikataka kuuvuta mweupe urudi nyuma kidogo, nikatumia nguvu zile zile za nyumbani, zile za mweupe wetu mnene ambao kuurudisha ni kama kumvuta punda mlimani. Mpira wa namba ukaingia vizuri, mweupe nao ukarudi mbio ukanipita ukaenda kutumbukia shimo la kona nyuma yangu. Watu wakanyamaza kwanza, alafu wakacheka. Pale nilikuwa nimekosa kifaa gani? Mkono ulinyooka, ni mpira ndo ulikuwa mwingine.

Kwa hiyo Mhariri, kupitia gazeti lako nawaomba waandaaji wa mashindano watutangazie wiki mbili kabla ni mweupe upi utatumika, mnene au wa kawaida, na wenye meza huku kwetu wakiweza wanunue meza zinazopokea mweupe wa kawaida pale wanapobadilisha za zamani. Wakati tunasubiri hilo, wa kwangu wa surua uko nyumbani kwenye droo, anayetaka kujaribu aje auchukue akaulipie koini mwenyewe.

Ndaga fijo (asante sana),
Msomaji wenu, Mwanjelwa, Mbeya