Barua ya wazi kwa mdogo wangu: biskuti, mwiko na kilio cha dukani

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Nimeusoma ujumbe wako mrefu kuhusu mwanao, na kwa kuwa malalamiko kama yako nayasikia kwa wazazi wengi, nimeona nikujibu hadharani bila kutaja jina lako wala lake.

Umeeleza kwamba kila mnapopita dukani hulilia biskuti hadi akagaagaa chini. Siku nyingine humnyima, siku nyingine humnunulia ili muondoke kwa amani, na siku uvumilivu unapokuishia humpiga mwiko mkifika nyumbani. Umehitimisha kwamba ana kichwa kigumu. Mimi namwona ni mwanafunzi hodari, maana amekwisha kutambua kwamba kilio hulipa, si kila siku, lakini mara za kutosha kumfanya ajaribu tena kesho.

B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza panya na njiwa kwa miaka mingi, alionyesha kwamba tendo linalofuatiwa na tuzo huelekea kurudiwa, na kwamba lile linalotuzwa mara mojamoja, bila mpangilio wa kutabirika, huchelewa zaidi kukoma tuzo inaposimamishwa kuliko lile lililozoea kutuzwa kila mara. Ndiyo maana mcheza kamari habanduki kwenye mashine. Kwa hiyo msimamo wako wa leo ndiyo, kesho hapana, ambao wewe unauona kuwa ni wastani wa busara, ndio unaomkomaza.

Kuna upande wa pili ambao wazazi hatupendi kuutazama: wewe nawe unafundishwa. Kilio kinakera na watu wanakutazama. Ukitoa biskuti, kero inakoma papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo tuzo yako, hivyo safari ijayo utaitoa mapema zaidi. Mwiko nao ni hivyo hivyo. Mtoto akichapwa hunyamaza mara moja, na ukimya ule humtuza aliyechapa, hata kama tabia yenyewe itarudi siku ya pili. Nadhani hilo limeudumisha mwiko majumbani mwetu kuliko methali zote tunazozitaja kuutetea.

Katika jaribio alilolichapisha mwaka 1938, Skinner aliwazoesha panya kubonyeza wenzo ili wapate chakula, kisha akakisimamisha chakula hicho, na baadhi yao wakawa wanapigwa miguuni kila walipobonyeza katika dakika za mwanzo. Waliopigwa walipunguza kubonyeza kwa muda, lakini kipigo kilipokoma walirudia, na mwishowe jumla yao ikakaribia ile ya wenzao ambao hawakuguswa. Mtoto si panya, na majaribio ya baadaye yalionyesha kwamba adhabu kali zaidi huweza kuzima tendo kwa muda mrefu; lakini sidhani kama unataka kupanda ngazi hiyo ya ukali kwa ajili ya biskuti. Isitoshe, unamchapa mkishafika nyumbani, wakati ameshatulia na pengine amekubebea mfuko, kwa hiyo adhabu inaangukia utulivu na msaada wake. Hata kanuni za shule hapa Tanzania, ambazo bado zinaruhusu viboko, zinaweka ukomo wa viboko vinne na zinataka viandikwe kitabuni. Mwiko wako hauna kitabu.

Kuhusu shilingi mia tano unazompa kwa kila hadithi anayosoma, naomba uziache, kwa sababu umesema mwenyewe kwamba alikuwa akisoma kwa kupenda. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watoto wa chekechea waliopenda kuchora: walioahidiwa cheti endapo wangechora walikutwa baadaye wakichora kwa hiari takriban nusu ya muda wa wenzao, ilhali waliopewa cheti kwa kushtukizwa hawakupungukiwa hamu. Pesa itunze kwa jambo asilolipenda kabisa, na hata hapo uipunguze kadiri anavyozoea.

Dukani fanya hivi. Kabla ya kutoka mwambie kwamba leo hakuna biskuti, na akilia usijadili wala usitishie. Akitembea nawe walau hatua chache bila kulia, msifu hapo hapo, ukitaja alichofanya: "Umenisubiri vizuri nilipokuwa nalipa." Kumwambia tu kwamba ni mtoto mzuri hakumwonyeshi cha kurudia.

Jiandae, maana siku za mwanzo kilio kitaongezeka kabla ya kupungua, na wazazi wengi hukata tamaa hapo hapo, wakamtuza kwa kilio kikubwa kuliko cha awali. Tena zungumza na Mama kabla hujaanza, kwa kuwa tunamjua: bibi yake huyo ana biskuti kwenye mkoba, na akimpa moja tu katikati ya kilio mtalazimika kuanza upya. Akikukatalia, mwambie anipigie mimi.

Kakako