Maktaba kubwa, watu wachache: hapo ndipo upendeleo unapopenyea

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme jambo ambalo halisemwi sana, pengine kwa sababu watu wakisikia maktaba hufikiria vitabu, hawafikirii watumishi. Nani anapata kazi maktabani, anaipataje, na akishaipata anapangwa wapi? Hatumlengi mkuu wa maktaba yeyote wala jengo lolote. Tunayoyaandika yanahusu maktaba yoyote ya umma yenye ukubwa wa ile ya mkoa, iwe hapa Tanga au kwingineko.

Watu wakilalamikia upendeleo, kidole hunyooshwa kwenye Sekretarieti ya Ajira. Sisi tunadhani kidole kimekosea njia. Ajira ya kudumu katika utumishi wa umma ina mlango unaoonekana: tangazo liko wazi, maombi yanatumwa kwa mtandao, kuna usaili wa mchujo wa kuandika, wa vitendo kwa baadhi ya kada, kisha mahojiano. Mtu anaweza kuulalamikia mlango huo kwa sababu anauona. Kinachotutia shaka ni dirisha la nyuma: vibarua, mikataba ya miezi mitatu, wanaojitolea, na ratiba ya zamu. Hayo huamuliwa palepale maktabani, mara nyingi kwa mdomo, na hayaachi karatasi.

Anayelifungua dirisha hilo ni upungufu wa watu. Tupige hesabu.

Chukua maktaba inayofunguliwa saa 3 asubuhi hadi saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi saa 3 hadi saa 8 mchana. Hizo ni saa 50 kwa wiki. Sehemu ambazo haziwezi kuachwa bila mtu ni nne: mlangoni panapokaguliwa mikoba, kaunta ya kuazimia, chumba cha watoto na chumba cha rejea. Nne mara 50 ni saa 200 za kukaa na wasomaji. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, lakini mkutubi hawezi kukaa kaunta saa zote hizo. Vitabu vilivyorudishwa vinasubiri kupangwa rafuni, vipya vinasubiri kuainishwa, yaani kupewa namba ya somo lake, na kuingizwa kwenye katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba, vilivyochanika vinasubiri gundi. Saa 25 za kaunta kwa mtu mmoja zinatosha. Gawa 200 kwa 25, unapata watu 8. Kisha kumbuka likizo ya mwaka ya siku 28, sikukuu, ugonjwa, uzazi na masomo. Ukikadiria kwamba katika wiki 52 mtu mmoja yupo kazini wiki 44 hivi, wale 8 wanageuka 10.

Sasa maktaba hiyo ikiwa na watu 6, na wawili wako likizo, wanne waliobaki watatakiwa kukaa kaunta saa 50 kila mmoja. Hizo zinapita zile 45 za kawaida za sheria, na mwili pia haukubali. Mkuu wa maktaba anafanya nini? Anapiga simu. Anamjua kijana fulani aliyemaliza chuo cha ukutubi Bagamoyo, au binti wa jirani, au mpwa wa mtu aliyekuja na kimemo. Jumatatu mgeni yuko kaunta. Hakuna tangazo, hakuna aliyeshindanishwa naye, hakuna tarehe ya kumaliza. Nauli anapewa siku ikipatikana.

Utasikia watu wakisema: anajitolea bure, kosa liko wapi? Liko kwenye kile anachoondoka nacho, yaani uzoefu. Baada ya miaka miwili anaijua programu ya kuazimia, anajua namba za uainishaji kwa kichwa, na mfukoni ana barua ya utambulisho. Usaili wa vitendo ukija, anapita bila jasho. Mwenzake wa Handeni au Kilindi, mwenye stashahada ileile lakini asiye na ndugu mjini wa kumpa pa kulala, hakuwahi kugusa hata kitoroli cha vitabu. Wasaili hawakumwonea, ila alianza mbio wakati mwenzake keshafika nusu ya njia. Na huyo anayejitolea naye ana yake: akijifungua hana likizo ya uzazi ya siku 84 anayopewa mwajiriwa, na akirudi anamkuta mtu mwingine kwenye kiti. Akiombwa rushwa ya ngono ili barua yake iandikwe vizuri, wengi hawajui kwamba kosa hilo limo katika sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 na linapokelewa TAKUKURU.

Tunachopendekeza ni daftari, yaani kila jambo liandikwe. Kila nafasi ya kujitolea ibandikwe ubaoni kwa siku 14 na nakala ipelekwe halmashauri zote za mkoa. Muda uwe miezi 6, usiongezwe. Kazi zake ziandikwe, na asikae kaunta peke yake. Wenye sifa sawa wakizidi nafasi, majina yakunjwe, yatiwe kikapuni, mtoto aliyekuja kusoma avute moja. Watu watacheka, lakini kikapu hakina mjomba.

Hapo kuna wanaotaka nafasi za mkoa wapewe wenyeji kwanza. Tanga hii ya waja leo waondoka leo imejengwa na Wadigo, Wabondei, Wasambaa, Wazigua na wageni wasiohesabika, kwa hiyo mwenyeji ni nani hasa? Sheria hiyo ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa kabila na mahali mtu alipotoka, pamoja na dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, VVU na umri, na katika kifungu hicho mwombaji wa kazi naye anahesabiwa kama mwajiriwa. Maneno kama "awe mkazi wa hapa", "awe na afya njema" au "asiwe na watoto wadogo" hayana nafasi kwenye tangazo la kazi ya kupanga vitabu. Sheria inaruhusu kumchagua mtu kwa sharti ambalo kazi yenyewe haiwezekani bila hilo. Mtumishi wa chumba cha watoto lazima ajue Kiswahili fasaha, hilo ni sharti la kazi. Kumsaili kwa Kiingereza kitupu halafu kumpeleka kusimulia hadithi kwa watoto wa darasa la pili ni kupima kitu kingine kabisa.

Upimaji wenyewe si mgumu, na maktaba inaweza kuuandaa hata kwa vibarua wa wiki mbili. Weka vitabu 20 juu ya meza, mpe msailiwa dakika 15 avipange kwa namba za uainishaji. Changanya humo 616.12, 616.2 na 616.9. Asiyefundishwa huweka 616.2 mbele ya 616.12 kwa kuwa 12 ni kubwa kuliko 2. Aliyefundishwa anasoma tarakimu moja baada ya nyingine kutoka kwenye nukta, na anajua 616.12 hutangulia. Ongeza vitabu vya fasihi ya Kiswahili, 896.392, uone kama anatambua kwamba ushairi na riwaya hutenganishwa na tarakimu inayofuata. Kisha mpe kadi kumi za majina ya waandishi, mojawapo iwe na "bin" katikati, umuulize ataiweka herufi gani na kwa nini. Jibu lenye sababu lipewe alama hata kama hukubaliani nalo, mradi afuate kanuni moja kwa kadi zote. Dakika 30 zimekwisha, na una karatasi yenye alama ambayo hata aliyeshindwa anaweza kuonyeshwa.

Kwenye mahojiano mambo huharibika zaidi. Mwenyekiti wa jopo anamaliza kumsikiliza mtu, anageuka na kusema, "Huyu nimempenda," na wenzake wanajaza alama kulingana na uso wake. Dawa ni ndogo: wasaili watatu au watano, wake kwa waume, maswali matano yaleyale kwa kila mmoja, alama 20 kila swali, kila msaili aandike alama na kutia saini kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Alama za wasaili wawili zikitofautiana kwa zaidi ya 20 kati ya 100, kila mmoja aandike sababu.

Maktaba ya Bunge la Marekani kule Washington, kubwa kuliko nyingi sana duniani, ilijikwaa palepale. Watumishi wake weusi walifungua kesi mwaka 1982 wakidai kubaguliwa katika ajira na vyeo, na lalamiko mojawapo kubwa lilikuwa uteuzi ulioachiwa maoni binafsi ya wateuzi. Shauri lilimalizwa kwa suluhu mwaka 1995, maktaba ikakubali kulipa dola milioni 8.5. Miaka 13! Karatasi ya alama ingegharimu kiasi gani?

Tuje kwa wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Tawi lenye watumishi 12 hujitetea kwamba halifikii 20. Hesabu hiyo si sahihi, kwa sababu anayehesabiwa ni mwajiri, na mwajiri wa tawi ni bodi yenye matawi mikoani. Kisingizio cha pili ni kwamba kazi ya maktaba ni ya kubeba. Kitabu cha kawaida kina uzito wa kama nusu kilo, na rafu ya sentimita 90 hubeba vitabu 30 hivi. Mzigo mzito ni maboksi ya vitabu vipya yanayojazwa hadi juu na kuzidi kilo 20. Jaza nusu boksi, tumia kitoroli, na shida hiyo inamwondokea pia mjamzito na mzee wa miaka 58 mwenye mgongo mbovu.

Mtumishi wa kiti mwendo anahitaji ujia wa angalau sentimita 90 kati ya makabati, na vitabu anavyovishughulikia visizidi kimo cha sentimita 120. Sehemu moja ya kaunta ishushwe hadi sentimita 75 au 80, chini yake pabaki wazi magoti yaingie. Kwenye ngazi, kila sentimita 1 ya kimo inataka sentimita 12 za mteremko: vidato vitatu vya sentimita 15 ni kimo cha 45, kwa hiyo mteremko uwe wa mita 5.4. Mafundi wetu wengi hujenga wa mita mbili, na ukiuona ni kama wa kupakilia ng'ombe kwenye lori. Mwenye ualbino asiwekwe dirisha la magharibi. Geuza meza, mpe skrini yenye herufi kubwa. Asiyeona anaweza kuingiza katalogi na kujibu simu kwa kompyuta yenye programu ya kusoma skrini kwa sauti, na mojawapo ya programu hizo, NVDA, inapatikana bila malipo. Kiziwi aletewe mkalimani wa lugha ya alama siku ya usaili, aelezwe hivyo tangu kwenye barua ya wito. Na usaili wenyewe usifanyiwe ghorofani kwenye jengo lisilo na lifti. Tunaona aibu kuliandika hili, lakini hufanyika.

Tumeacha ratiba ya zamu mwisho kwa kuwa ndiyo isiyokaguliwa na mtu. Chumba cha watoto hupangiwa wanawake mwaka mzima. Katalogi na kompyuta hupangiwa wanaume. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini nafasi ya kupanda cheo ikija na sharti la uzoefu wa katalogi, wanawake wote wameshatoka kwenye mchuano. Kila mtu azunguke sehemu zote nne na katalogi, miezi mitatu mitatu. Mwanamume akisimulia hadithi za sungura na fisi hatapungukiwa na kitu.

Ijumaa kati ya saa 6:30 na saa 7:30 mchana Waislamu wanakwenda msikitini, na Jumamosi Msabato hafanyi kazi. Ratiba ikitolewa wiki nne mbele, mambo hayo mawili yanatatuana: Msabato ashike kaunta Ijumaa mchana, Mwislamu amshikie Jumamosi, na mabadilishano yaandikwe ili asiwepo anayedaiwa fadhila. Mama anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Saa hizo ziingizwe kwenye ratiba tangu mwanzo, asilazimike kuziomba kila asubuhi kwa msimamizi aliyenuna. Mjamzito naye hutakiwa kutoa taarifa angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua. Kwa hiyo maktaba inayoshtuka wiki ya mwisho na kupiga simu kutafuta mtu wa kuziba pengo ilikuwa na miezi mitatu ya kutangaza nafasi hiyo ubaoni.

Kifungu cha 7 tulichokitaja kinamtaka mwajiri pia awe na mpango wa kukuza fursa sawa na ausajili kwa Kamishna wa Kazi. Tunaomba kila maktaba kubwa ya umma itoe karatasi moja kila mwaka: watumishi wangapi na wanatakiwa wangapi, wanawake na wanaume kwa kila sehemu, wenye ulemavu wangapi, wanaojitolea wangapi, na kila mmoja ameanza tarehe gani. Ibandikwe mlangoni kwa nje, pale watu wanaposubiri kufunguliwa asubuhi.

Wakutubi wastaafu,
Ngamiani, Tanga